Kamba ya Kaka Elisante

Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu Elisante. Wasifu wake ulisomwa na binti yake mkubwa, kwa sauti isiyotetemeka, pale mbele ya nyumba yetu Kirua Vunjo, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba. Wasifu ule niliuandika mimi. Niliandika shule alizosoma, miaka aliyopanda mlima akiwa mpagazi na baadaye msaidizi wa kiongozi wa wageni, ndoa yake, watoto wake watatu, na karakana yake ya kushona mikoba na mahema pale Moshi mjini. Katikati niliweka sentensi moja: "Akiwa na umri wa miaka ishirini na saba alianguka kutoka juu ya mti, akaumia uti wa mgongo, na baada ya mwaka mmoja wa matibabu akaanza maisha mapya." Binti akaisoma, akapita, na watu wakapita naye. Mimi nikabaki palepale. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sioni mwaka mwingine ulionifanya niwe hivi nilivyo. Kanisani na makaburini hapakuwa mahali pa kuueleza, ndiyo maana nauandika hapa.

Alirudi kutoka hospitali mwishoni mwa masika. Wanaume wanne walimbeba kwa machela kutoka barabara kuu, kwa sababu gari lisingeweza kushuka kwenye ule utelezi. Mama aliamua akae kwenye stoo ya kahawa, maana nyumba kubwa ina ngazi mbele na nyuma na vyumba vyake ni vyembamba. Stoo ilijengwa kwa mawe, mlango wake mpana wa kupitisha magunia, sakafu ya saruji, na haina dari. Ukilala chali unaona mabati na mbao zinazoyabeba. Tulitoa magunia, tukapaka chokaa, lakini harufu ya kahawa kavu na ya mrututu, dawa ya kupiga mibuni, haikutoka, na hadi leo nikisikia mrututu umepigwa kwenye shamba la mtu namwona kaka amelala chini ya lile dirisha dogo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, kwa hiyo kazi ya kumuuguza iliniangukia bila mtu kuitangaza. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usioze. Nilimwosha. Mama alimpikia mtori asubuhi na ndizi za maharage mchana, na alitaka kumlisha kwa kijiko kama mtoto, lakini kaka hakukubali. Alijilaza ubavu, akala kwa mkono mmoja, nusu ya mtori ikaishia kwenye shuka, na mama akasimama pembeni ameshika kijiko kisicho na kazi.

Wageni walikuwa wengi mwezi wa kwanza. Walileta maziwa na mayai, wakaketi kwenye benchi ukutani, wakazungumza juu yake kana kwamba miguu iliyokufa ilikuwa imekufa pamoja na masikio. Mama mmoja wa jumuiya, mtu mwema kabisa, alisema akiwa mlangoni anavaa viatu, "Mungu angemhurumia tu akamchukua siku ileile." Niligeuka kumtazama kaka. Alikuwa akiangalia mabati. Alikuwa na desturi hiyo, kuyaangalia mabati saa nzima bila kupepesa, na mimi nilidhani anaukumbuka mti alioanguka, ule aliokuwa ameupanda kukatia ng'ombe matawi, yeye aliyekwisha kupanda na kushuka mlima mara nyingi kiasi kwamba hakuwa tena akihesabu.

Asubuhi moja, nilipokuwa namgeuza, aliniambia, "Haika, nataka kamba."

"Kamba ya nini?"

"Kamba nene, ya katani. Ifungwe pale juu." Akaonyesha kwa kidevu zile mbao chini ya mabati.

Nilimfunika, nikachukua beseni la maji machafu, nikatoka. Jikoni nilimwambia mama maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa akikoroga uji. Akaweka mwiko juu ya sufuria, akafuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Amesema ifungwe juu?" Nikasema ndiyo. Miezi michache kabla ya hapo, chini kidogo ya kwetu, mzee mmoja aliyeugua muda mrefu alikuwa amejitoa uhai, na msiba wake ulikuwa na watu wachache na maneno mengi. Mama hakumtaja. Alisema tu, "Usimwambie mtu." Kufika alasiri, pale nyumbani hapakuwa na kamba hata moja. Ya nguo ilikuwa imefunguliwa, ya ndoo imeondoka, ya ng'ombe imepelekwa kwa jirani, hata zile kamba za magomba tunazofungia majani ya ng'ombe zilikuwa zimetupwa motoni. Kesho yake nilibeba majani ndani ya kanga, yakanimwagikia njia nzima.

Siku ya tatu kaka alitazama nje kwa dirisha muda mrefu. "Nguo mmeanika juu ya ua wa masale," akasema.

"Ndiyo."

"Kamba ya nguo iko wapi?"

"Imekatika."

"Na ya ng'ombe?" Nikainama kukunja shuka. Akafumba macho. "Mwambie mama arudishe kamba ya ng'ombe. Ng'ombe hajafanya kosa lolote."

Nadhani ni mama aliyemwita baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na neno lake pale nyumbani lilikuwa kama ukuta. Alikuja amevaa koti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaingia stoo, akaomba sala ndefu amesimama, ya kuikemea roho ya kukata tamaa. Kaka alisema amina. Kisha baba mkubwa akatoka, akamwambia mama pale nje, "Kamba haitaingia katika stoo hii maadamu mimi niko hai." Alidhani ameteremsha sauti. Lakini kati ya ukuta na mabati pale palikuwa na uwazi wa kupitisha hewa ya kahawa, na kila neno liliingia ndani. Nilipopeleka chai nilimkuta kaka amegeuzia uso ukutani. Hakunywa. Kwa siku tano hakuomba kitu wala hakukataa kitu, na ule ukimya uliniogopesha kuliko kamba.

Wiki hiyo nilitumwa Moshi kuchukua dawa hospitalini. Kule kulikuwa na mama mmoja wa Kipare aliyewafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo, mfupi, mwenye mikono minene. Wote walimwita Mama Nuru. Nilimsubiri kwenye korido mpaka alipomaliza, nikamweleza habari ya kamba. Hakushangaa. Alisema ni yeye aliyemwambia kaka atafute kamba ya kupandia, mgonjwa wa namna ile akipata nguvu ya mabega na mikono ataweza kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti bila kubebwa, na asipoipata atabebwa maisha yake yote. Aliniambia kamba isifungwe kwenye dari wala kwenye ubao wa kuokoteza, itafutwe boriti nzima, na chini pawe na kitu laini. Nikamuuliza kile nilichokwenda kukiuliza hasa. "Na kama anaitaka kwa jambo lile jingine?"

Mama Nuru alinitazama. "Umemuuliza?"

"Hapana."

"Nyumbani kuna aliyemuuliza?"

"Hapana."

"Basi kamuulize. Na umuulize kwa maneno yenyewe, usizunguke. Ukimuuliza hutamtia wazo ambalo hana."

Nilirudi nyumbani. Nilimkuta mama ameenda kukata majani. Niliketi kwenye kigoda karibu na kichwa cha kaka, nikamuuliza kama anataka kamba ili ajiue. Nilitumia neno hilohilo. Nililisema haraka, na baada ya kulisema nikasikia kuku wanaparura nje.

Kaka hakukasirika. Alisema, "Hospitalini niliwaza hivyo kila siku. Hapa nawaza mara mojamoja. Nikilala tu nikitazama mabati, ndiyo nawaza zaidi."

"Na kamba?"

"Kamba naitaka ya kupanda. Lakini siwezi kukuapia kwamba siku mbaya haitakuja. Kwa hiyo ifungwe namna ya kuondoka. Uniletee asubuhi, jioni uichukue, ukalale nayo wewe."

Nililia, na yeye akaniacha nilie. Jioni nilimweleza mama yale ya hospitalini na habari ya kuiondoa kila jioni. Yale mengine, kwamba aliwahi kuwaza na bado anawaza, nilimficha. Nilijiona mtu mzima kwa kumfichia. Mama alisikiliza akichambua mchele, akasema, "Mimi sitaigusa. Na isilale humo." Hiyo ndiyo ruhusa tuliyopata. Baba mkubwa alipopata habari alikoma kuja kwetu mpaka Krismasi.

Fundi Melkiori, seremala Mkatoliki wa ng'ambo ya mto, alikuja na ngazi na mfuko wake wa zana. Alipanda, akagonga kila ubao kwa mpini wa nyundo huku amesogeza sikio, akachoma mahali na bisibisi, akashuka. "Hizi zimewekwa zibebe mabati," alisema, "hazikuwekwa zibebe mtu. Huyu bwana akijivuta mara tatu zitamfuata chini." Alirudi baada ya siku mbili na boriti ya mringaringa, nene kuliko paja langu, akatoboa matundu kwenye kuta mbili za mawe, akailaza kutoka ukuta hadi ukuta na kuijengea kwa saruji. Tulingoja wiki nzima saruji ikomae. Kisha akatoboa boriti kwa keekee kutoka juu hadi chini, akapitisha bolti ndefu yenye pete chini, juu akaweka bamba la chuma na nati mbili, moja juu ya nyingine. Nilimuuliza kwa nini asitumie skrubu kubwa kutokea chini, ingekuwa kazi ya dakika kumi. "Skrubu inashikwa na nyuzi za mti," akasema. "Leo inashika. Kila akivuta inalegea kidogo, na siku ya kung'oka haikwambii. Bolti iliyopita boriti nzima, mpaka ing'oke ni lazima boriti ivunjike." Akachukua kamba ya katani tuliyokuwa tumeinunua, nene kama muwa, akaukunja mwisho wake na kuusuka kurudi ndani kuzunguka pete ndogo ya chuma. Nilimwangalia mdomo wake alipokuwa ananifundisha. Hakusema kitanzi. Alisema jicho. "Jicho la kamba lisiguse chuma chenye ncha," alisema, na kaka kitandani akaitikia, "Sawa, fundi."

Kuunganisha jicho na pete ya juu kaka alitoa karabina, kile chuma chenye mlango wa kufunga kwa skrubu alichopewa na mgeni mmoja mlimani. Fundi alining'iniza magunia mawili ya mahindi tangu asubuhi hadi jioni, akayasukuma, akayavuta kwa ghafla. Halafu akaning'inia yeye, kisha akaniambia na mimi nining'inie pamoja naye. Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, njoo na wewe," fundi alimwambia kwa upole. Mama akatikisa kichwa, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kuifunga kamba. Nilipanda ngazi, nikashika nati kuona kama zimelegea, nikaipitisha kamba yote mikononi tangu jicho hadi fundo la chini nikitafuta uzi uliokatika, nikaifunga karabina na kuikaza, nikajining'iniza kwanza mimi. Ndipo nilipomsogezea. Siku ya kwanza alifanikiwa kuinua mabega tu kutoka kwenye godoro, akaanguka, akajaribu tena, akaanguka. Jasho lilimtiririka kama mtu anayelima. "Toka nje," akaniambia. Nilikaa nje ya mlango nikisikiliza kitanda kikilia. Mwezi wa pili alikaa mwenyewe. Mwezi wa nne tulimshusha kwenye godoro sakafuni, juu ya rundo la magomba makavu, naye akajivuta mkono baada ya mkono mpaka makalio yakaacha godoro na ile miguu ikaning'inia chini yake bila uzito, kama nguo ya mtu mwingine. Viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena. Alianza kula. Alimaliza sahani ya kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage, akauliza kama kimebaki, na mama akageuka haraka kuelekea jikoni ili tusimwone uso.

Asubuhi moja nikiipitisha kamba mikononi nilikuta panya ametafuna karibu na jicho, nyuzi kama sita. Nilikuwa nimeiacha jioni juu ya kabati. Nilimwambia kaka leo siifungi. Alikuwa amefika nusu ya urefu wa kamba wiki ile, na alitaka kumaliza. "Ifunge, Haika. Nyuzi sita ni nini?" Nikakataa. Akaniita mtoto, akaniita askari jela, akatupa kikombe cha chai ukutani. Nikaokota vipande, nikaenda Moshi kwa miguu hadi nilipopata gari, nikarudi na kamba mpya siku ya tatu, kwa kuwa duka la kwanza lilikuwa na za nailoni tu, nazo huteleza. Fundi aliisuka upya. Kaka hakuniomba radhi. Ila alipoishika alisema, kwa sauti ya chini, "Siku hizi tatu, nikiziwaza zile nyuzi, niliogopa kuanguka. Tangu nilale hapa sikuwahi kuogopa kuanguka." Nilihitaji miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ananipa habari njema.

Barua ya chuo ilikuja baada ya vuli. Niliificha chini ya godoro langu, pamoja na kamba. Siku nne baadaye kaka aliniuliza barua inasemaje. Mtu wa posta alikuwa ameniulizia palepale dirishani kwake. Nikasema siendi. "Nani atafunga kamba?" nilimuuliza. Alisema hilo si juu yangu. Nikasema ni juu yangu, mama ameapa kutoigusa. Tuligombana kwa sauti za chini ili mama asisikie, naye bila shaka alisikia, kwa maana jioni aliingia chumbani kwangu na sanduku la bati la marehemu baba, akalifungua kitandani, akaanza kukunja nguo zangu. "Utaondoka Jumatatu," alisema. Jumatatu alfajiri nilimpa mama kamba mkononi. Aliipokea kama mtu anayepokea mtoto wa mwingine, na mimi nikaondoka bila kutazama nyuma.

Barua za kaka zilikuwa fupi. Zilisema kamba ipo, mama hajambo, ng'ombe amezaa. Niliporudi likizo nilimkuta uani kwenye kiti cha magurudumu, anashona mkanda wa mkoba wa mpagazi mmoja, mabega yake yamejaa kama ya mtu wa kupasua mbao. Sikuuliza kilichopita kati yao. Nilijiambia mama alimwita fundi, au alizoea tu. Na kwa miaka zaidi ya thelathini niliubeba mwaka ule kama kitu changu, kwamba mimi ndiye niliyethubutu kuuliza, na mimi ndiye niliyemkinga mama asijue.

Siku ya tatu baada ya mazishi wageni walikuwa wamepungua. Mama, ambaye sasa haoni vizuri lakini bado humenya ndizi kwa kupapasa, alikaa nami nyuma ya jiko, sufuria katikati yetu. Bila mimi kuanzisha, akasema, "Ule wasifu ulikuwa mzuri. Ulimpunguzia."

"Nilipunguza nini, mama?"

"Kamba." Akamenya ndizi nyingine. "Asubuhi ile ulipoondoka nilikaa nayo mapajani pale mlangoni mpaka jua likapanda. Hakuniita. Nikaona nikikaa zaidi nitaizika. Nikaingia, nikamuuliza kama wewe ulivyomuuliza."

Nilisimamisha kisu. "Ulijuaje kama nilimuuliza?"

"Stoo ile haina dari, Haika. Nilikuwa nimerudi na majani."

Mama akaendelea kwa sauti ileile ya kazi. Alimwambia kaka kwamba yeye hana macho ya kuona ndani ya mtu, kwa hiyo atamuuliza kila asubuhi kabla hajapanda ngazi, na yeye amjibu kweli. Kaka akakubali. "Nikamuuliza kila siku," alisema mama, "miezi minane, hadi aliponiambia sasa inatosha."

"Na alikujibu nini?"

"Alijibu hapana. Siku mbili alijibu ndiyo."

Ndizi ilinitoka mkononi ikaanguka majini. "Ukafanyaje, mama?"

"Siku hizo sikuifunga," alisema. "Nilileta ungo kitandani, tukachambua maharage, mimi na yeye, mpaka jioni."